Katiba Isiyo na Mamlaka: Kimya cha Oracle na Kifo cha OpenSolaris

Katika miezi ya mwanzo ya mwaka 2010, watu waliokuwa wakiendesha seva zao kwa mfumo wa OpenSolaris walikuwa na swali moja dogo: toleo lijalo litatoka lini? Toleo la mwisho lilikuwa la Juni 2009. Lililofuata lilitarajiwa Februari, kisha likasogezwa Machi. Machi ikapita, na Aprili, Mei na Juni zikaifuata. Mwanzoni mwa mwaka jumuiya ya watumiaji ilikuwa imepewa hakikisho la maneno kwamba mradi ungeendelea. Baada ya hapo mmiliki mpya, kampuni ya Oracle, hakusema kwamba toleo limefutwa, wala kwamba limechelewa, wala kwamba lipo njiani.

Msomaji aliyezoea kukuta hapa mijadala ya katiba, bajeti na uchaguzi anaweza kujiuliza kisa cha mafundi wa kompyuta kimeingiaje. Kimeingia kwa sababu ni kisa cha katiba na uchaguzi, na kwa sababu siku kampuni hiyo ilipobadilisha mikono, kliniki zilizo upande wetu wa dunia zilibadilishiwa mwenye nyumba bila kuulizwa. Nitafika huko.

Kwanza niseme jambo kwa asiye fundi. Seva ni kompyuta inayotumikia kompyuta nyingine: ndiyo inayohifadhi barua pepe za ofisi, matokeo ya mitihani na kumbukumbu za wagonjwa, na kuzitoa zinapohitajika. Mfumo endeshi ni programu ya msingi inayoiwezesha kompyuta hiyo kufanya kazi nyingine yoyote. Mfumo huo ukiacha kuendelezwa, seva haizimiki siku hiyo. Huendelea kufanya kazi vizuri kabisa, hata mkubwa wa ofisi asione sababu ya kutenga fedha. Lakini kila udhaifu wa usalama unaogunduliwa baada ya hapo hubaki wazi, mitambo mipya hukataa kuelewana nayo, na vijana wanaoufahamu mfumo huo hupungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo wale waliokuwa wakiuliza habari za toleo lijalo hawakuwa na haraka ya kitoto. Walikuwa wakiuliza kama nyumba wanayoishi bado ina fundi.

Sasa turudi nyuma kidogo. Juni 2005 kampuni ya Sun Microsystems ya California ilifungua msimbo wa Solaris, mfumo uliokuwa ukiendesha seva za mabenki, makampuni ya simu na vyuo vikuu duniani. Kufungua msimbo maana yake ni kuweka hadharani maandishi ambayo kwayo programu hutengenezwa, ili yeyote ayasome, ayarekebishe na kuyatumia kwa masharti ya leseni. Sun haikufanya hivyo kwa ukarimu mtupu, kwani Linux ilikuwa ikiinyang'anya wateja na ilihitaji kuwarudisha watu wake. Ili wawe na imani, iliwaalika wajitawale. Mwaka 2007 jumuiya ya OpenSolaris ilikuwa na katiba iliyopigiwa kura na Baraza la Uongozi la watu saba lililochaguliwa na wanachama.

Katiba ile ilikuwa na mengi tunayoyapenda katika katiba: masharti ya uanachama, uchaguzi wa kila mwaka, majukumu ya viongozi. Vitu vitatu vilibaki nje yake. Jina la mradi lilikuwa mali ya Sun. Seva zilizohifadhi msimbo zilikuwa za Sun. Na wengi wa wahandisi walioandika msimbo huo walikuwa wakilipwa mshahara na Sun. Ukiviondoa vitu hivyo vitatu, sijui baraza lolote hutawala nini.

Kuna aliyeliona hilo mapema. Februari 2008 Roy Fielding, mmoja wa waandishi wa kanuni za HTTP zinazoendesha wavuti, alijiondoa katika jumuiya hiyo. Ugomvi ulikuwa juu ya jina: Sun ilikuwa imeamua peke yake ni kitu gani kiitwe OpenSolaris. Hoja ya Fielding, kwa muhtasari wangu, ilikuwa kwamba kampuni ina haki ya kuamua juu ya mali yake, ila isiwaambie watu kwamba wao ndio wanaoamua. Wengi waliobaki waliona anakuza mambo. Sun ilikuwa mwenyeji mpole, na chini ya mwenyeji mpole si rahisi kutofautisha haki na hisani.

Aprili 2009 Oracle ilitangaza kuinunua Sun kwa dola za Marekani bilioni 7.4, na tarehe 27 Januari 2010 ununuzi ukakamilika. Ndipo kimya kikaanza. Julai, baada ya miezi ya kubisha hodi pasipo kuitikiwa, Baraza likatoa sharti: Oracle imteue mtu mwenye mamlaka ya kuzungumza na jumuiya ifikapo tarehe 16 Agosti. La sivyo, katika kikao cha tarehe 23 Agosti Baraza lingetumia kifungu cha hati yake kinachorudisha uongozi wa jumuiya mikononi mwa Oracle.

Lisome tena sharti hilo, ndugu msomaji. Tishio kubwa kuliko yote ambalo viongozi waliochaguliwa waliweza kulitoa lilikuwa kumkabidhi funguo yule yule aliyekuwa akiwapuuza. Hawakuwa wajinga. Hawakuwa na silaha nyingine.

Tarehe 13 Agosti waraka wa ndani wa Oracle ulivuja. Ulieleza kwamba hakutakuwa na matoleo mengine ya OpenSolaris, na kwamba msimbo ungetolewa tu baada ya kila toleo kamili la Solaris ya kibiashara. Kwa hiyo raia wa jamhuri hii ndogo walijua hatima yao kwa kuchungulia barua isiyoandikwa kwao. Tarehe 16 ilipita bila mjumbe yeyote kuteuliwa. Tarehe 23 Baraza likajiuzulu. Solaris 11 ilitoka Novemba 2011, na hata ile ahadi ya ndani haikutimizwa, kwa maana msimbo wake haukutolewa kwa umma.

Wanafunzi wanaosoma hapa hawahitaji maelezo marefu. Wanaijua serikali ya wanafunzi yenye rais, bunge na mawaziri, ambayo katiba yake huidhinishwa na uongozi wa chuo na ambayo ofisi yake hufungwa kwa kufuli la chuo. Siku uongozi na wanafunzi wanapokubaliana, serikali hiyo huonekana serikali kweli. Siku wanapotofautiana, kila mtu hukumbuka kufuli ni la nani.

Lakini ninachotaka tukitazame kwa makini zaidi ni kile kimya chenyewe, kwa kuwa tumezoea kukichukulia kama pengo, kana kwamba uamuzi bado haujafanyika. Tujiulize gharama yake humwangukia nani. Kampuni ikisema waziwazi kwamba imeufunga mradi, wateja huhama mara moja, wahandisi hutafuta kazi kwingine, na wanahabari huandika. Ikisema kwamba inaendelea, imejifunga kwa ahadi. Isiposema lolote, hailipi chochote. Anayelipa ni yule mkuu wa kitengo cha kompyuta ambaye hawezi kuomba fedha za kuhama kwa sababu hakuna aliyemwambia ahame, wala hawezi kununua mitambo mipya kwa sababu hajui kama mfumo wake utaikubali. Kila mwezi anaosubiri ni mwezi aliompa mwenye mali bure. Wenye madaraka wa kila aina wanaifahamu hesabu hii, na mtumishi wa umma aliyewahi kuandika barua tatu za kumbukumbu kwa ofisi ya juu bila kupata jibu anaifahamu kutoka upande wa pili.

Hujibiwa kwamba walipewa bure, hivyo walalamikie nini? Jibu hili lina mvuto wa haraka na ni dhaifu. Watumiaji wale walikuwa wamelipa kwa njia isiyotolewa risiti: walijaribu matoleo mabichi na kuripoti kasoro, waliandika maelekezo, walifundisha wenzao, na kila mmoja aliwashawishi wakubwa wake kazini kwamba mfumo huu ni wa kuaminika. Imani hiyo ndiyo bidhaa ambayo Sun ilikuwa ikiitafuta mwaka 2005. Aliyeinunua Sun aliinunua pamoja nayo.

Wapo ambao hawakungoja. Tarehe 3 Agosti 2010, siku kumi kabla ya waraka kuvuja, kundi la wahandisi lilitangaza mradi wa illumos. Walichukua msimbo uliokwisha kufunguliwa, wakaanza kuziandika upya sehemu ambazo Sun haikuwahi kuzifungua, na wakaendelea bila Oracle. Waliweza kwa sababu leseni ilikuwa imewapa ruhusa hiyo tangu 2005, na ruhusa iliyokwisha kutolewa kwa msimbo ule haikuweza kufutwa na mnunuzi. Baraza lilikufa na katiba yake. Leseni, hati fupi ambayo wachache huisoma, ndiyo iliyosimama. ZFS, mfumo wa kupanga na kulinda data kwenye diski uliozaliwa ndani ya Solaris, leo unaendelezwa na mradi wa OpenZFS ulioanza mwaka 2013 na unatumika katika FreeBSD na Linux.

Hata hivyo nisiipambe hadithi hii kupita kiasi. Walioanzisha illumos walikuwa miongoni mwa mafundi wachache duniani waliouelewa mfumo ule hadi kwenye mizizi, na baadhi yao walikuwa wameshiriki kuuandika. Hospitali yenye fundi mmoja, anayerekebisha pia printa na kubadilisha balbu za projekta, haikuwa na uwezo wa kuanzisha chochote. Iliruhusiwa kuondoka kama wengine walivyoruhusiwa, ila haikuwa na miguu. Huu ndio upungufu wa mazungumzo mengi kuhusu programu huria katika nchi zetu. Tunahesabu haki iliyoandikwa katika leseni na kusahau kuhesabu watu wenye uwezo wa kuitumia.

Sasa nifike kule nilikoahidi. Katika mzigo ule wa dola bilioni 7.4, Solaris haikuwa peke yake. Ndani yake kulikuwa na lugha ya programu ya Java, na kulikuwa na MySQL, hifadhidata ambayo Sun ilikuwa imeinunua mwaka 2008 kwa takriban dola bilioni moja. Huko Eldoret, Kenya, tangu mwaka 2006, mpango wa AMPATH unaoshirikisha Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Moi ulikuwa umeanza kutumia OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa. OpenMRS imeandikwa kwa Java, na data zake huwekwa katika MySQL. Maana yake ni kwamba nguzo mbili zilizobeba majalada ya wagonjwa waliokuwa wakitibiwa VVU magharibi mwa Kenya zilipata mmiliki mpya kwa siku moja, katika biashara baina ya kampuni mbili za California. Aliyekuwa kwenye foleni ya dawa siku hiyo hakuhisi kitu, wala hakuwa na sababu ya kuhisi. Ila tangu siku hiyo, swali la toleo lijalo la MySQL lilikuwa linamhusu.

Kuhusu MySQL kelele zilikuwa kubwa zaidi. Michael Widenius, mwanzilishi wake, alipinga ununuzi huo hadharani akiamini Oracle, ambayo inauza hifadhidata yake yenyewe kwa bei kubwa, ingeiacha MySQL inyauke. Tume ya Ulaya ilichunguza kwa miezi kadhaa. Desemba 2009 Oracle ilitoa ahadi kumi za hadharani kuhusu MySQL, kwa muda wa miaka mitano, na Januari 2010 Tume ikaridhia. Linganisha hapo: jumuiya ya OpenSolaris iliomba mtu mmoja wa kuzungumza naye ikanyimwa, ilhali Ulaya ilipewa ahadi kumi. Tume ya Ulaya ilikuwa na uwezo wa kuuzuia ununuzi.

Haki itendeke kwa Oracle pia. MySQL haikuuawa. Toleo la 5.5 lilitoka Desemba 2010, mengine yakafuata, na la 8.0 likatoka mwaka 2018. Woga wa Widenius haukutimia kama alivyouhubiri, na siwezi kusema ni ahadi ndizo zilizouzuia, au ni yeye mwenyewe, kwa sababu alikwisha kuchukua msimbo na kuanzisha MariaDB, tawi alilolipa jina la binti yake mdogo. Mwenye mali anayejua kwamba wapangaji wana nyumba nyingine ng'ambo ya barabara hukarabati paa. Wikipedia ilihamia MariaDB mwaka 2013. Wala MariaDB haikuwa pepo: kampuni iliyoibeba jina hilo iliingia soko la hisa mwaka 2022, ikayumba kifedha, na mwaka 2024 ikanunuliwa na kampuni ya uwekezaji ya K1. Aliyehama mara moja ajiandae kuuliza tena.

Ipo pia aina nyingine ya kimya, nami nisingependa ichanganywe na hii. Aprili 2014 uligunduliwa udhaifu ulioitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya seva nyingi duniani. Ndipo watu walipotambua kwamba mradi ule ulikuwa ukipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, na kwamba aliyeufanyia kazi muda wote alikuwa mtu mmoja. Pale hapakuwa na mmiliki mjanja anayenyamaza kwa hesabu. Palikuwa na watu waliochoka, na mamilioni ya watumiaji, zikiwamo kampuni tajiri na serikali, ambao hawakuwahi kuuliza mtunzaji anakula nini. Kimya cha Oracle hujibiwa kwa leseni na uwezo wa kuhama. Kimya cha mtunzaji maskini hujibiwa kwa mshahara.

Je, sisi tunauliza? Tanzania ina Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na Mamlaka inayoisimamia. Kenya inayo Mamlaka yake ya TEHAMA. Katika mijadala yetu ya mifumo ya serikali huwa tunauliza bei, tunauliza muda wa kukamilika, na siku ya uzinduzi tunauliza mgeni rasmi ni nani. Ni mara chache nimesikia ikiulizwa nani ana mamlaka ya kuandika msimbo wa mfumo huu, ni watu wangapi hapa nchini wanaoweza kuusoma, na siku mwenye nao akinyamaza tutajua baada ya miezi mingapi. Desemba 2020 watumiaji wa CentOS, mfumo endeshi uliopendwa na taasisi zisizotaka kulipia leseni, waliambiwa kwamba CentOS 8, waliyotegemea ingetunzwa hadi 2029, ingekoma mwisho wa 2021. Angalau wao waliambiwa. CentOS 7 nayo ilikoma tarehe 30 Juni 2024, tarehe iliyojulikana miaka mingi kabla. Ningependa mkaguzi wa mifumo katika kila wizara aniambie ni seva ngapi zilizovuka tarehe hiyo bila kuguswa.

Mfano mwema tunao, tena karibu. DHIS2, mfumo ambao Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda hukusanyia takwimu za afya, unaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, lakini Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa na kundi lake linaloufanyia kazi, wala si kuutumia tu. Hifadhidata yake ni PostgreSQL, ambayo haina kampuni moja inayoimiliki, kwa hiyo hakuna wa kuinunua asubuhi moja. Kitovu bado ni Oslo na fedha nyingi ni za wafadhili, kwa hiyo swali halijaisha. Lakini ofisi ya Dodoma ikikwama, kuna mtu wa kumpigia simu ambaye amewahi kuufungua msimbo ule na kuuelewa. Ningetaka kuona vyuo vyetu vikiuhesabu mchango wa mwanafunzi katika OpenMRS au DHIS2 kuwa mradi halali wa mwaka wa mwisho, badala ya kumdai kila mmoja atengeneze upya mfumo wa maktaba ambao hakuna maktaba itakayoutumia. Na ningetaka kuona katika bajeti ya wizara nafasi ya ajira ya mtunzaji wa programu, yenye cheo na ngazi ya mshahara, isiyokoma mradi wa mfadhili unapokoma.

Najua pingamizi litakaloletwa na watu wa manunuzi: tununue kwa mkataba, tulipe, na anayelipwa hawezi kunyamaza. Basi tumalizie na wale waliolipa. Wateja wa Solaris ya kibiashara hawakuhusika na masaibu ya mwaka 2010. Wao walikuwa na mikataba na risiti. Januari 2017 Solaris 12, waliyokuwa wakiisubiri, ilitoweka katika ratiba ya Oracle. Septemba mwaka huo kampuni iliwaachisha kazi sehemu kubwa ya wahandisi wa Solaris. Toleo la 11.4 lilitoka mwaka 2018, likiwa na ahadi ya matengenezo kwa miaka mingi mbele, na wateja wanaendelea kulipia ahadi hiyo. illumos nayo bado inaendelezwa, na baadhi ya wanaoiendeleza ni watu walioachishwa au kuondoka kule.